Mama Barafu na Doa Jeupe Ukutani

Saa moja asubuhi, Mama Barafu anavua glavu ya mkono wa kulia na kupitisha kiganja kwenye ukuta wa chuma, taratibu, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Anasogea hatua mbili. Anagusa tena.

"Leo hajambo," anasema, na kuandika kwenye daftari.

Anayejuliwa hali ni mnara mrefu kama jengo la ghorofa saba, katikati ya kiwanda cha amonia, malighafi ya mbolea. Nje, ukuta una joto la kawaida. Ndani, baridi inafika nyuzi 180 chini ya sifuri.

Mama huyu wa miaka hamsini na mmoja ameuhudumia mnara huo kwa miaka kumi na tisa.

"Gesi inaingia na uchafu wake," anaeleza. "Tunaipoza mpaka uchafu unakuwa kama maji, unabaki chini. Iliyo safi inatoka juu, inakwenda kutengenezwa amonia. Ni kama kuchekecha unga, ila chekeche letu ni baridi."

Jina la Barafu alipewa na wenzake. Mumewe, fundi wa makochi, hucheka akilisikia. "Maji ya friji hanywi! Anashinda na baridi ya kutisha, halafu jioni nikifungua dirisha ni vita."

Lakini miaka mitatu iliyopita hakukuwa na utani. Asubuhi moja baada ya mvua, aliona doa la barafu ukutani, ukubwa wa sahani. Vipimo vyote vilionyesha shwari. Akamwita injinia wa zamu, mgeni kazini.

"Mama, huo ni umande tu. Si mvua imenyesha?"

"Umande haugandi juani, mwanangu."

Hakubishana zaidi. Alichukua chaki, akalizungushia doa mstari, akaandika saa. Baada ya saa mbili barafu ilikuwa imeuvuka mstari kwa vidole vinne. Injinia alipopima hewa iliyo nyuma ya ukuta, kifaa kilipiga kelele. Gesi inayoweza kulipuka ilikuwa inavuja.

Kiwanda kikazimwa. Wafanyakazi mia mbili wakakaa bila kazi, malori ya mbolea yakapanga foleni getini. Kuufungua mnara si kufunua sufuria: ilibidi upashwe joto polepole, kisha uchotwe upande mmoja unga mweupe uliojazwa kati ya ukuta na mabomba ya ndani ili kuzuia joto lisiingie. Siku nne zikapita.

"Chakula hakikushuka," anakumbuka. "Watu wananipita wakinong'ona, 'Yote haya kwa ajili ya chaki!' Nikajiuliza, nikiwa nimekosea, uso wangu nitauweka wapi?"

Siku ya tano mchomeleaji alitokeza kwenye tundu la ukaguzi, amejaa unga mpaka kwenye kope. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama uzi, kwenye kiungo cha bomba.

"Mama, wahenga walisema tuzibe ufa," alimwambia mbele ya wote. "Wewe umeuona hata kabla ukuta haujafunguliwa!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye naye akacheka, kisha akaenda nyuma ya stoo kulia peke yake. Injinia akamfuata.

"Nisamehe, mama. Nilidhani unanisumbua bure."

"Yamekwisha. Kesho twende wote, nikuonyeshe pa kugusa."

Tangu hapo huuzunguka mnara pamoja kila Jumatatu, na injinia ndiye anayeandika.

Hata hivyo, katika matengenezo yale waliingia wachomeleaji na mkaguzi tu. Mama Barafu hajawahi kuona ndani. Mwakani mnara utaondolewa unga wote kwa ukarabati mkubwa, na jina lake ni la kwanza kwenye orodha ya watakaoingia.

"Miaka yote hii ni jirani yangu, na sijawahi kuiona sebule yake," anasema, akivaa glavu. "Nataka nisimame katikati, niangalie juu mpaka shingo iume. Nisiguse kitu. Nimsalimie tu."