Manila Nne kwa Kila Mgombea

Kazi niliianza nikiwa na miaka kumi na mitatu, Jumamosi moja ya mwezi wa tatu mwaka 2016. Chai ya saa nne ilikuwa haijaiva, na mimi tayari nilikuwa na cheo. Idrisa, rafiki yangu wa ghorofa ya tatu, alinivuta kwenye ngazi za jengo letu pale Berea akaniambia, "Nagombea urais wa Darasa la Jumamosi. Wewe una mdomo. Utakuwa meneja wangu wa kampeni."

"Kuna mshahara?"

"Kuna heshima."

"Sharp," nikasema, yaani poa. Na hivyo ndivyo wengi wetu tulivyoingia kwenye siasa.

Wadogo zangu mnaosoma jarida hili, darasa ninalosema ni hili hili lenu, la ukumbi wa chini, ambako watoto huletwa wajifunze Kiswahili kwa sababu mama zao wakiwaita jikoni wao huitika kwa Kizulu. Rais wa darasa hushika ufunguo wa kabati la mipira, husimamia foleni ya chai, na mwisho wa mwaka husimama mbele ya wazazi wote kutoa hotuba huku mama yake akilia. Kwa cheo hicho watu wamewahi kununiana kuanzia Pasaka mpaka Krismasi.

Enzi zetu kampeni iligharamiwa na darasa. Wazazi walikuwa na mfuko wao, na kutoka mfuko ule kila mgombea alipewa fungu lake: karatasi nne za manila, kalamu mbili nene, na dakika kumi za maikrofoni. Ukikamatwa na karatasi ya tano uliyoitoa nyumbani, jina lako lilifutwa. Fungu lilitolewa na Mwalimu Mlezi, mama wa Kirundi mwenye sauti ndogo, ambaye alivaa ufunguo wa kabati la vifaa shingoni kama kidani. Aliziweka manila mezani, mafungu mawili, akazipanga kingo zikalingana.

"Hizi zako, hizi zake," alituambia siku ile. "Zina ukubwa sawa. Akili sikuzipima."

Zake zilikuwa za Furaha. Huyu alikuwa binti wa watu wa Bukavu, mama yake fundi cherehani kule Doornfontein, na alikuwa na mwandiko mzuri kupita kiasi. Mimi mwandiko wangu unafanana na kuku aliyekimbizwa. Nilipomwona anaandika herufi ya kwanza kwenye manila yake, bila rula, nilisikia kitu kinanichoma hapa chini ya mbavu. Nikadhani ni njaa.

Sasa niwaeleze ufundi kidogo. Kazi ya meneja ina sehemu tatu. Kwanza kupiga debe, yaani kumsifu mtu wako hadi sauti ikauke. Pili kuhesabu vichwa, yaani kupita kwenye madawati na kujua nani wako na nani si wako. Tatu kujihadhari na kura ya biskuti, ile inayoahidiwa mdomo ukiwa umejaa na kusahauliwa mdomo ukishameza. Hayo yote niliyajua. Ambacho sikukijua ni urefu wa wapiga kura. Mabango yetu manne niliyabandika juu kabisa karibu na dari, kwa sababu rais ni mtu wa juu. Furaha aliyabandika ya kwake usawa wa kiuno, kuizunguka foleni ya chai. Nusu ya darasa walikuwa na miaka sita, saba. Mabango yangu waliyaona buibui.

Tulishindwa. Idrisa alicheka, akaenda kucheza mpira. Mimi sikwenda.

Mwaka uliofuata mambo yalibadilika kwa Idrisa. Baba yake alipata malori mawili, kisha matano, akapata na ghala kule Midrand, na familia ikahama Berea ikaenda kukaa kwenye nyumba yenye geti linalojifungua lenyewe. Idrisa akawa analetwa darasani kwa gari. Nilimwonea wivu, sikatai, lakini alikuwa wangu, mgombea wangu, na wivu wa mtu wako unavumilika. Wa Furaha ndio haukuvumilika. Mwaka ule alichukua mkasi, akazikata manila zake zote nne vipande vyembamba, na kwenye kila kipande akaandika jina la mtoto mmoja. Kila mtoto darasani, hata wale wapya ambao Mwalimu Mlezi mwenyewe alikuwa bado anawachanganya. Unaingia ukumbini, unakuta jina lako limeandikwa vizuri kuliko kwenye cheti chako cha kuzaliwa.

Kipande changu kiliandikwa: "Mussa, hata weye."

Niliwaambia watu nimekitupa. Nilikificha nyuma ya kava la simu.

Kwa karatasi zile zile na kalamu zile zile alitushinda mara ya pili, na hapo ndipo nilipofanya kosa la maisha yangu ya kazi. Nilikesha siku tatu nikiwaza, nikaona tatizo si Idrisa wala mimi. Tatizo ni manila. Maadamu wote tunapewa nne nne, yeye atatushinda mpaka tuote ndevu. Lakini kila mtu akijigharamia, je? Baba yake nani ana malori? Mama yake nani anakaa kwenye chumba kimoja na cherehani tatu?

Nikaandika barua kwa Kamati ya Wazazi. Sikutaja malori. Niliandika kwamba wazazi wetu wanavuja jasho, kwamba mfuko wa watoto ununue vitabu na si makaratasi ya kubandika ukutani, na kwamba anayetaka urais autafute kwa nguvu zake. Ilikuwa barua tamu. Nilipoisoma tena nilikaribia kujiamini.

Mwenyekiti wa Kamati, mzee wa Kizanzibari mwenye miwani minene na maneno ya kupimwa, aliisoma mbele ya darasa na wazazi wote. Aliposhusha karatasi alivua miwani akaifuta.

"Haya ndiyo maneno," alisema. "Kijana wa miaka kumi na minne anatufundisha sisi. Kuanzia mwakani, kampeni hazitagharamiwa na mfuko. Vitabu kwanza."

Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Furaha. Naye alikuwa anapiga, tena kwa nguvu, kwa sababu anapenda vitabu. Nilikereka hata makofi yale hayakuninogea.

Mwaka 2018 nilifika mapema nikiwa na mpango wangu kwenye daftari, kurasa nane, na mabango yote ya usawa wa kiuno. Nikalikuta gari la baba yake Idrisa mlangoni. Bango refu lilikuwa limeshaning'inizwa, limechapwa kiwandani, na picha ya Idrisa akitabasamu kama tangazo la dawa ya meno. Fulana zilikuwa kwenye maboksi. Palikuwa na mtu mzima mwenye shati la kola, kutoka ofisi ya baba yake, ameshika orodha.

"Wewe nani?" aliniuliza.

"Mimi ndiye meneja wa kampeni."

"Aa, sawa. Kampeni ninayo mimi. Lakini asante, bwana mdogo. Chukua fulana."

Akanipa ya mtoto wa miaka minane.

Nikamtafuta Idrisa. Alikuwa nyuma ya ukumbi, kavaa fulana yenye uso wake mwenyewe. "Eish, Mussa," alisema, "baba ndiye aliyeamua. Anasema akitoa hela yake anataka mtu anayejua kazi."

"Na mimi je?"

"We ulikuwa wa manila."

Ilipofika saa ya majina, Mwalimu Mlezi aliuliza nani anagombea. Idrisa akasimama. Mwalimu akageukia upande wa Furaha, akasubiri. Furaha alikuwa anachonga penseli. Akaendelea kuichonga. Mwalimu akauliza tena, na penseli ikaendelea kufupika. Basi Idrisa akapita bila kupingwa. Hakuna aliyepiga debe, hakuna aliyeshika maikrofoni. Tulivaa fulana, tukanywa soda, tukaenda nyumbani saa tano. Taaluma yangu nzima ilikufa kabla ya mchana, na aliyeichimbia kaburi alikuwa amevaa fulana inayombana kwapa.

Nilitegemea ningefurahi kuona Furaha amekaa chini. Wapi. Nilimwonea wivu hata kwa kukaa kwake, jinsi alivyotulia na penseli yake.

Jumamosi iliyofuata nilimwendea Mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema, mwandishi."

"Mzee, nafikiri tungerudisha zile manila."

Alifungua jalada, akatoa barua yangu. Alikuwa ameitia kwenye mfuko wa plastiki isichafuke. Akanisomea yote, polepole, mpaka nukta ya mwisho. "Sasa nijibu mwenyewe," alisema. "Nani kwenye kamati ataweza kuipinga barua hii?"

"Labda aliyeiandika."

"Aliyeiandika alikuwa na hoja. Wewe unanijia na huzuni tu."

Nikatoka. Ni vigumu sana kumshinda mtu aliyekuwa wewe mwaka jana.

Mwaka uliokwisha, wiki moja kabla ya majina kutajwa, nilinunua manila nne kwenye duka lililo karibu na robot, zile taa za barabarani za mtaani kwetu, nikazikunja, nikaenda kwa miguu mpaka Doornfontein. Mama Furaha alikuwa nyuma ya cherehani na pini mdomoni.

"Karibu, papa. Furaha iko kule nyuma, anapiga pasi."

Furaha aliniona, akaona na zile karatasi, hakuacha kupiga pasi.

"Ni nini tena? Umeandika barua ingine?"

"Nimekuletea manila. Gombea."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima. Ikatoka hivi: "Kwa sababu kushindwa na wewe kulikuwa na maana. Kushinda bila wewe tumekunywa soda tu."

Akageuza shati upande wa pili. "Mwaka ule ningemwomba mama kitambaa cha bango, angenipa," alisema kwa sauti ya chini. "Angenipa cha mteja, halafu angekesha. Njo maana nilikaa. Usifikiri nilikuogopa."

"Sikufikiri."

"Ulifikiri." Akaweka pasi chini. "Na Idrisa umemletea ngapi?"

"Idrisa ana malori."

"Nimeuliza karatasi, sikuuliza malori."

Alizichukua manila nne, akazihesabu, akanirudishia mbili. "Akikubali hizi mbili, na zile fulana zikibaki Midrand, nitasimama. Akikataa, usirudi hapa na karatasi yako."

Idrisa nilimpigia simu nikitegemea anicheke. Badala yake akasema, "Unajua hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kupiga kelele kwa jina langu? Mwaka mzima rais, na watoto wananiita yule wa fulana." Jioni ile alimwambia baba yake kwamba safari hii anataka kushindana. Baba yake akamuuliza kuna tofauti gani. Sijui alimjibu nini, ila Jumamosi alishuka kwenye teksi ya abiria wengi kama watoto wengine, mikono mitupu.

Nikampa mbili zake mbele ya Mwalimu Mlezi. Halafu nikavuta kiti nikae kando yake, nifungue daftari langu la kurasa nane. Mwalimu akaniita.

"Mussa. Karatasi umenunua wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na umempa kila mmoja?"

"Mbili mbili."

"Basi funga daftari. Anayegawa manila hapigi debe. Miaka yote hii ulishanisikia nikimsifu mgombea hata kidogo?" Akavua ufunguo shingoni mwake, akanivalisha. Ulikuwa na joto. "Kaa mlangoni. Ukitaja jina la mmoja, taja na la mwenzake."

Ndivyo nilivyostaafu, nikiwa na miaka kumi na sita, bila keki.

Nilikaa mlangoni nikawatazama wale wawili sakafuni wakiandika, wamepeana migongo. Furaha na mwandiko wake. Idrisa anauma ulimi, herufi zake zinapanda mlima. Kisha nikamwona anainuka, anachukua gundi, anapiga goti, anabandika bango lake usawa wa kiuno. Hakuwa amefundishwa na mimi. Nilitaka kumpigia kelele kwamba hata kona nazo zibandikwe, nikaumeza ulimi wangu mzima mzima.

Alishinda. Kwa kura chache, lakini alishinda, na darasa lote likapiga kelele kwa jina lake mpaka mlinzi wa jengo akaja kuchungulia. Furaha alimpa mkono, wakacheka kitu ambacho sikukisikia kwa sababu mimi nilikuwa nakusanya vifuniko vya kalamu. Miaka yote nimehangaika kumpigania mtu yule, na ushindi wake pekee wa haki aliupata siku ambayo mimi nilikatazwa kufungua mdomo.

Watu husema mstaafu hupata utulivu. Labda wa benki. Mimi kile kipande cha manila bado kiko nyuma ya simu yangu, na kila nikibadilisha kava ninautazama ule mwandiko na mbavu zinaniuma vile vile. Sasa nimeshajua kwamba si njaa.

Ufunguo bado ninao. Kabati nimelipanga, kingo zimelingana. Kwa hiyo nyie mnaofikiria kugombea, njooni wawili wawili, mnajua nilipo. Nitawagawia sawasawa bila kumpendelea mtu, kisha nitakwenda kukaa mlangoni niwaonee wivu wote.