Mtoto wa Nje wa Marehemu Nisiyemjua

Nichekeni, ila jina msinitaje. Ile filamu ya vichekesho iliyotuvunja mbavu wote inarudiwa kwa ajili ya runinga, na wamekuja kuirekodi huku kijijini kwetu, Mamba. Mimi dereva boda nikapewa kipande: mtoto wa nje anaibuka msibani, analia kuwashinda wafiwa. "Ukiona turubai, ndipo hapo," waliniambia.

Nikaona turubai. Nikajirusha kwenye jeneza. "Baba! Mbona hukuwaambia kama nipo?"

Wafiwa wote wakanigeukia. Nikajua nimewakosha. Mjane akanishika kidevu, akanikagua pua, akasema taratibu, "Nilijua tu."

Nikageuka kutafuta kamera; hakuna hata moja. Nikamwona mchungaji, Biblia mkononi, ananitazama.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Mimi ni mwigizaji. Nimekosea msiba."