Kupe wa Jangwani

Majira ya baridi mwanangu alitutoa Riyadh kwenda jangwani, mimi na wajukuu, wakaone majani yaliyochipua baada ya mvua. Nikatandika leso yangu penye kijua, kumbe pale ngamia walikuwa wamelala. Mjukuu wangu wa kike akaniambia, "Bibi, usisogee. Tazama mchanga."

Kupe wa kahawia, wenye miguu mirefu, walikuwa wananijia mbio kutoka kila upande. Mimi nawajua papasi, chawa, viroboto na kunguni, lakini hao huja kwa kuibia, umelala. Hawa walikuja mchana kweupe. Nikainuka.

"Wanafuata pumzi yako," akasema. "Hebu kaa kule, tuone kama watageuka."

"Mkalishe babako, ana damu nyingi."

"Baba amekataa. Tafadhali Bibi, nataka nikawaeleze shuleni."

Nikaenda kukaa, mwili wote unanisisimka. Wakageuka, mmoja baada ya mwingine, kama mbuzi waliopigiwa mluzi. Mtoto akapiga makofi, na mimi nikatema mate mchangani. Leso niliiacha palepale, na ilikuwa haijafuliwa hata mara moja.