Meza Yangu ya Mninga

Meza ile niliichongesha mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mbeya mjini, katikati ya miaka ya sabini, na mbao za mninga nilizifuata mwenyewe Chunya, nikarudi na vumbi mpaka kwenye meno. Pamoja na meza, viti vinane. Krismasi tatu mfululizo watu walikaa kwenye viti vile wakala wali nilioupika mimi, na mimi sikukalia hata kimoja. Mpaka leo nikikumbuka nachemka.

Kwa watu wa mume wangu, Wanyakyusa wa Tukuyu, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Akimwona njiani anakimbilia migombani. Kwetu Iringa tulikuwa na heshima zetu pia, lakini baba hakuanza sala ya chakula mpaka mama awe amekaa. Nilipoolewa nilifuata ya kwao bila kununa, maana kujificha njiani ni dakika moja. Ila mzee alikuja kwetu kila Krismasi, na siku nzima mimi nilikuwa mfungwa wa jiko la nje, kwenye kigoda, moshi machoni, mvua ya Desemba mlangoni.

Krismasi ya nne mume wangu alijaza nyumba. Aliwaalika jirani yetu Mwislamu na mkewe, kwa kuwa Idi tulikula kwao. Akatoka mpaka barabarani akamleta dereva ambaye lori lake lilikuwa limeharibika, mtu tusiyemjua hata kwa sura. Nikiwa jikoni nilimsikia: "Karibu ndugu yangu, karibu mezani. Sikukuu mtu hali peke yake."

Peke yake! Mimi nilikuwa nakula ukoko, nimesimama.

Alikuja mlangoni kuchukua mabakuli, akarudi ndani. Kisha nikasikia sauti ya mzee: "Ndaga fijo, mwanangu, asante sana. Umetukaribisha vizuri. Mchele wa Ubaruku huu?"

"Wenyewe, baba," akajibu, kama vile ni yeye aliyeuchambua.

Hapo nikafunga khanga vizuri, nikabeba sufuria ya nyama iliyobaki, nikavuka uwanja na mvua yake mpaka mlango wa mbele. Nikapiga hodi kwenye nyumba yangu, ili mzee apate nafasi ya kujisitiri, nikaingia.

Alijifunika koti kichwani. Akachukua sahani yake, akapapasa ukuta mpaka mlango wa nyuma, akaenda kukaa jikoni kwenye kigoda changu. Nikakaa kwenye kiti chake. Kilikuwa bado na joto.

"Umemtoa baba mezani!" mume wangu alisema. "Una wazimu?"

"Nina njaa," nikamwambia.

Mzee nilimwonea huruma, sitasema uongo. Mila ile hakuitunga yeye. Lakini sikuinuka. Yule dereva, mgeni kuliko wote, ndiye aliyenisogezea bakuli la wali. Wengine walikuwa wameacha kutafuna.

Binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuzungumza vizuri, alinitazama kwa furaha.

"Mama," aliuliza, "leo na wewe umealikwa?"

Nilimwachia baba yake ajibu. Aliinamia sahani yake, na mimi nikajipakulia.