Usu wa Urediya

Nnorom alikuwa mtu wa kusalimia uyoga. Wafanyakazi wenzake pale chuoni walimcheka mpaka wakachoka, kisha wakamzoea. Kila asubuhi alifungua chumba cha kuoteshea, akainama mbele ya rafu na kuuliza, "Mmeamkaje humu?" Ukweli ni kwamba chupa aliyoisalimia ilikuwa moja tu. Zile nyingine zilipata salamu kwa sababu ya adabu.

Chupa hiyo ilibandikwa jina la Urediya, na Urediya alikuwa mkewe.

Uyoga wenyewe ni usu, ule unaokula miti iliyokufa, kisha ukajificha udongoni umejikunja kama kiazi, mweusi nje na mweupe ndani. Hakuna mpishi wa kwetu asiyeujua. Unaparuliwa maganda, unatwangwa pamoja na egusi, zile mbegu za tikiti, unafinyangwa matonge, na matonge hayo mtu huyatafuna kama nyama. Lakini Dk. Olachi, bosi wa Nnorom, hakuwa na haja na matonge. Alitaka kujua usu unaulaje mti mgumu namna ile, na kwa nini wa kijiji hiki unakula haraka kuliko wa kijiji kile. Kwa hiyo alikusanya usu kila alikopita, akauotesha kwenye chupa za unga wa mbao, na kila mmoja akaupa jina la aliyeuleta.

Urediya aliuchimba wake chini ya kisiki cha mti wa ugba nyuma ya jiko, akaupeleka mwenyewe umefungwa kwa jani la mgomba. "Daktari," alimwambia, "huu ukikataa kula mbao zako, niite nije niule mimi." Haukukataa. Ulikuwa mlafi kuliko wote, na Urediya akawa anatamba sokoni kwamba jina lake linasoma chuo kikuu.

Kisha akafa, wakati wa upepo mkavu wa harmatani, kwa shinikizo la damu ambalo hakuna aliyejua kuwa analo. Mungu hakuwa amewajalia mtoto. Umuada, yaani mabinti wa ukoo, walikuja wakaomboleza na kugawana nguo zake kama desturi inavyotaka, wakaondoka. Mwenye nyumba akaking'oa kile kisiki, akakichoma, akajenga duka. Nnorom alitazama huku na huku akaona kwamba jina la mkewe limebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye ile rafu. Watu wakiona mtu mzima anaongea na chupa husema amerukwa na akili. Mimi nasema alikuwa mpweke, basi, na upweke nao una njia zake.

Mwaka huo jenereta la idara likaharibika. Joto likapanda, ukungu wa kijani ukaingia kwenye chupa, na chupa moja baada ya nyingine ikamwagwa shimoni. Ya Urediya nayo ikamwagwa, na katika ukoo wake mzima kilipona kiazi kimoja, kidogo kama ngumi ya mtoto. Dk. Olachi alikuwa safarini, angerudi Jumatatu. Aliacha maagizo: chumba kizima kisuguliwe kwa dawa, na Jumatatu watakipasua kile kiazi, wachukue nyama nyeupe ya katikati, waipande kwenye chupa mpya. Nyama hiyo ikishika, Urediya angeanza upya. Ikikosekana, basi tena.

Chupa chache zilizopona zilikuwa zimezibwa, lakini kiazi kitupu dawa ya kusugulia ingekiua, kwa hiyo Nnorom akakipeleka nyumbani. Alikizika kwenye chungu chenye unga wa mbao, akakiweka pembeni mwa jiko, penye kivuli. Asubuhi na jioni alichota maji kwa kiganja, akanyunyizia. "Lala salama, Urediya," alisema kila jioni, kisha akala garri yake ya muhogo amesimama, maana kukaa mezani peke yake kulimshinda.

Jumamosi alitoka chuoni mikono imechubuka kwa dawa. Alipokaribia nyumba akaona moshi.

"Nani humo?" aliita.

"Mwizi!" sauti ikamjibu kutoka jikoni. "Mwizi anakupikia, ingia ule!"

Alikuwa dada yake mkubwa, Ekemma, ada, yaani binti wa kwanza, wa ukoo wao. Ada haombi ruhusa katika nyumba ya ndugu yake. Mlango ukifungwa, anajua ufunguo ulipo, na jiko la mjane mwanamume analiingia kama la kwake. Alikuwa ametoka kijijini Umuokpara na kikapu cha egusi kichwani, magoti yamemvimba, mdomo mzima.

"Hebu nikuone. Yesu wangu! Huyu ni Nnorom au ni mfagio wa Nnorom? Panya wa jiko lako wamehama kwa aibu, unajua? Sikukuta hata kitunguu. Nilitaka kulia. Bahati yako nikakuta usu."

Nnorom aliganda mlangoni. "Usu gani, Dada?"

"Kwani una usu ngapi? Ule wa kwenye chungu. Na wewe, nani huweka usu kwenye mbao mbichi? Ungekuozea huo. Mtu unafanya kazi na uyoga miaka yote hiyo, hujui hata kuukausha!"

"Maganda yako wapi?"

"Motoni. Ulitaka nikupikie maganda?"

Akakimbilia kinu. Kilikuwa kimeoshwa, kimeinamishwa ukutani. "Hukubakisha hata kipande? Hata kidogo?"

"Kilikuwa kiduchu, nimetia chote. Uko peke yako humu ndani, nimbakishie nani?"

Hasira ilimpanda. Alitaka kupindua sufuria. Alitaka kumwambia, umemuua mara ya pili, na maneno yalikuwa yameshafika ulimini. Lakini Ekemma alikuwa ameinama juu ya moto anapakua, mkono mmoja umeshika goti linalomuuma, na tangu matanga yaishe hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuwasha moto katika jiko lile ili yeye ale.

"Nimefanya kama mkeo alivyonifundisha," Ekemma alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Unachemsha tonge kwanza ndani ya jani, ndipo unalitia kwenye mchuzi. Mimi nilikuwa nayatia hivyo hivyo yanasambaratika, ananicheka. Kaa basi. Kaa chini, si kusimama kama askari."

Nnorom akakaa. Akang'ata tonge. Ladha ikamjia yote kwa pamoja, ile ile ya mkono wa mkewe, na chumvi yake kidogo, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Lia," dada yake alisema. "Hata mimi nilimpenda. Ingawa alikuwa na mdomo yule mwanamke!"

"Kukushinda wewe?"

"Mimi nilikuwa nakwenda kwake kusomea."

Wakacheka. Wakala mpaka sufuria likaonyesha chuma chake, na Nnorom akalamba vidole.

Jumapili baada ya misa Nnorom alimbembeleza dada yake abaki hata siku moja. "Nikibaki, kesi za wanawake wa Umuokpara atazikata nani?" Ekemma alisema. "Na wewe oa. Mwanamume haishi na chungu." Akajitwisha kikapu kitupu, akaenda zake. Hakujua alichokifanya, na hajui mpaka leo.

Jumatatu Dk. Olachi aliingia chumbani amevaa glavu, kisu kidogo mkononi, kila kitu tayari. "Haya, Mzee Nnorom. Yuko wapi Urediya wetu?"

"Umeliwa, Daktari."

"Panya?"

"Mimi."

Daktari akaweka kisu mezani. "Lakini ulikuwa wa mwisho."

"Najua."

Daktari hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alivua glavu, akasogeza chupa za vijiji vingine ili pengo lisionekane, akatoka.

Jioni Nnorom alirudi nyumbani, akaingia jikoni, akachota maji kwa kiganja na kunyunyizia unga wa mbao chunguni kama kawaida yake. Maji yalipomwishia mkononi ndipo akakumbuka kwamba ndani hamna kitu. Kisha akachota tena, akanyunyizia, akasema, "Lala salama, Urediya."