Makabiliano si Vita

Nilirudi Nyamira kutoka Juba nikiwa na diploma ya uandishi wa habari, niliyojilipia mwenyewe kabla ya kwenda huko, kwa kubeba mikungu ya ndizi katika soko la Daraja Mbili. Kule Juba niliandika taarifa za usalama kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo nikisema nalijua neno makabiliano, nalijua. Vita vina majeshi na havijulikani vitakwisha lini. Makabiliano ni mafupi: makundi mawili yenye silaha yanakutana, yanarushiana mishale, kisha kila upande unakimbilia kwao.

Ndivyo ilivyokuwa Jumatano moja karibu na Magwagwa, kwa sababu ya ng'ombe walioibwa kwenye mpaka wa kaunti yetu na ya jirani. Jioni ng'ombe walirudishwa, na hakuna aliyeumia. Lakini redio ilikuwa imetangaza. Alhamisi asubuhi baba wa mchumba wangu akanipigia simu kutoka upande wa ziwa. Jumapili walikuwa waje kuona boma letu na kupanga harusi.

"Kijana, hatuji. Kwenu kuna vita."

"Baba, yale yalikuwa makabiliano tu," nikasema, nikamfafanulia tofauti yote.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Na mshale wa makabiliano ukinipata, utaniuma kidogo?"

Mama yangu, aliyekuwa akichambua mboga za chinsaga kando yangu na kusikia yote, alicheka hadi akaweka ungo chini.

Mwandishi wa habari aliyesoma hutafuta shahidi. Ilikuwa siku ya soko, na kwetu siku ya soko haiguswi: waliorushiana mishale jana huuziana maziwa na ndizi leo. Nikaenda moja kwa moja kwa mwuza maziwa wa ng'ambo ya mpaka, ambaye jana yake alikuwa upande wa pili, nikampigia mzee tena, nikampa simu.

"Mzee, adui mwenyewe ni mimi," akasema. "Jana nilishika upinde, leo nimeshika mtungi. Hawa watu wamemaliza maziwa yangu na bado wanataka nyongeza. Wewe njoo."

Nikamsikia mzee akicheka. "Mwambie huyo kijana tunakuja. Ila aache kunifundisha Kiswahili."

Jumapili walifika, magari mawili yamejaa. Akina mama wa kwetu waliwapokea barabarani kwa nyimbo, wakamshika mchumba wangu mkono na hawakumwachilia hadi mlangoni. Kabla chai haijapoa, harusi yetu ilikuwa imepata tarehe.