Mkono wa Mzee Haurudiwi

Karakana ya mabasi ilikuwa na mafundi kumi na mmoja, na kati yao hapakuwa na hata mmoja ambaye bosi wao angeweza kumwita kwa jina kavu bila ulimi kumwasha. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alilingana na mjomba wake wa mwisho. Bosi mwenyewe alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mwenye cheti cha ufundi wa magari ambacho mama yake alikitia fremu akakitundika sebuleni juu ya televisheni. Siku ya pili tu ya kazi, akiwa anapita nyuma ya vyoo, alisikia jina walilompa: Bosi Chekechea.

Alicheka, kwa sababu lilikuwa jina zuri. Kisha akaingia ofisini, akafunga mlango, akalia kidogo.

Ofisi yenyewe ilikuwa kibanda cha vioo kilichoinuliwa juu ya ngazi nane ili msimamizi aione karakana nzima. Aliyekijenga alisahau kwamba na karakana nzima itamwona msimamizi, pamoja na kulia kwake. Mwezi wake wa kwanza kazini, binti alitoa amri kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Naomba, kama itawezekana, tubadilishe oili ya lile basi la pili."

"Haitawezekana," fundi umeme alimjibu bila kuinua kichwa, na oili ikakaa siku mbili zaidi.

Aliporudi nyumbani kusimulia, mama yake hakumwonea huruma. "Ukubwa jalala, mwanangu. Kila mtu atakuja kutupa lake. Umeona wapi jalala likikimbia?"

Basi hakukimbia. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hata kumsogelea alikuwa akijipanga kwanza, naye ni fundi mkuu, Mzee Nati. Mzee huyo alikuwa na miaka thelathini na minne katika karakana ile, na katika miaka yote hiyo hakuna basi lililotoka getini kabla hajafunga nati za magurudumu yake kwa spana yake ndefu. Stoo kulikuwa na spana ya kupimia, ile inayolia "ka!" nati ikifika mkazo wake, lakini ilikuwa imelala kwenye sanduku lake. "Kipimo ni huu," Mzee alikuwa akisema, akiinua mkono wa kulia. Na ilikuwa sheria ya karakana, isiyoandikwa popote na isiyovunjwa na yeyote: mkono wa Mzee haurudiwi. Kugusa nati aliyoifunga kulikuwa sawa na kumwambia amekwisha.

Wiki iliyopita bomba moja la breki lilikutwa limelegea. Bosi aliuliza nani aliyelifunga. Fundi huyu akamnyooshea kidole yule, yule akamnyooshea aliye likizo. Alichoka. Jana saa kumi na moja jioni akabandika tangazo ukutani, amelipiga mhuri mara mbili kumkomesha shetani: kuanzia sasa kila fundi atasaini kazi ya mkono wake, na ni marufuku kugusa kazi ya mwenzako.

Mafundi walilisoma, wakatazamana, wakanyamaza. Fundi wa matairi, mtu wa maneno machache waliyemwita Kimya, alisimama mbele ya karatasi ile muda mrefu kuliko wenzake, akafungua mdomo, akaufunga. Bosi aliona fahari. Ilikuwa mara ya kwanza hakuna aliyembishia. Masikini, hakujua kwamba kuna kunyamaza kwa aina nyingi.

Asubuhi ya leo, saa nne kasorobo, alikuwa ameshika kikombe cha chai ofisini. Chini yake, basi la saa nne lilikuwa tayari kwenda kituoni kupakia. Dereva alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Mzee Nati alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, anamalizia kufunga.

Bosi alimtazama tu kwa kuwa alikuwa mbele ya macho yake. Kisha akaacha kunywa. Mzee alikuwa akivuta spana kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia, ule uliokuwa kipimo, ulikuwa juu ya chuma umetulia kama mgeni aliyeambiwa asiguse kitu. Nati ngumu ikifungwa sawasawa, spana hulia na mabega ya fundi hutikisika. Mabega ya Mzee hayakutikisika. Alipomaliza alijifuta jasho, akasaini karatasi polepole, herufi kwa herufi, akaiweka kwenye dashibodi ya dereva.

Binti alisogea karibu na kioo. Labda anakosea. Vioo vilikuwa vichafu, na yeye ni nani wa kumsoma Mzee mabega? Akikosea, atakuwa amemvunjia heshima mtu wa umri wa babu yake mbele ya watu wote, na baada ya hapo hata paka wa karakana hatamsikiliza. Asipokosea na akanyamaza, basi litatoka na watu hamsini na kitu. Alishuka ngazi akiwa bado na kikombe mkononi, na alipofika chini hakukumbuka alikiacha wapi.

Alipita stoo kwanza. Mama Stoo, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alifungua lile sanduku akasita. "Unakwenda nayo kwa nani?"

"Kwa Mzee."

"Mwanangu," Mama Stoo alisema taratibu, "hiyo si spana. Hiyo ni tusi."

"Najua, mama. Nipe."

Alipotokea nayo, nyundo moja ikanyamaza, kisha nyingine. Mashine ya kuchomelea ikazimwa. Dereva akapiga honi kuonyesha kwamba anachelewa, akaona sura za watu, akaacha.

"Mzee, samahani. Naomba nipitie nati kabla gari halijatoka."

"Upitie nini?"

"Nati, Mzee."

"Nimeshazifunga."

"Najua."

"Sasa kama unajua?" Mzee hakupandisha sauti. Alimtazama kama anayemsubiri mtoto akumbuke adabu zake.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," fundi umeme alisema kwa sauti ya kutosha, na mmoja akacheka puani.

Binti alijikaza kisabuni. Alipiga goti mbele ya gurudumu la mbele, upande wa kulia, akavuta. Ka! Nati ya pili, ka! Zote kumi zililia bila kusogea hata unywele. Akahamia la mbele kushoto. Ka, ka, ka, mpaka mwisho. Akaenda nyuma kulia, nako ni vivyo hivyo. Jasho lilimwingia machoni. Alisikia minong'ono, akasikia na jina la chekechea likitajwa.

"Hayo nilifunga jana," Mzee alisema. "Umeridhika, au nikuvulie na viatu uvikague?"

Watu walicheka sasa waziwazi. Binti alisimama, uso unamwaka moto. Ilibaki gurudumu moja, lile alilomwona akilifunga muda mfupi uliopita, na kila kiungo cha mwili wake kilimwambia inatosha, omba radhi, rudi ofisini ukajifungie. Alikuwa ameshafungua mdomo kuomba radhi. Badala yake alijikuta anazunguka nyuma ya basi, upande wa kushoto.

Nati ya kwanza ilizunguka nusu mzunguko kabla spana haijalia. Ya pili ilizunguka mzunguko kamili. Ya tatu hakuhitaji spana, aliizungusha kwa vidole.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Nati alisogea, akainama, akaigusa nati ya nne kwa kidole gumba na cha shahada. Ikazunguka. Akaiangalia kana kwamba imeletwa kutoka gari lingine.

"Nani ameigusa hii?" aliuliza, akiwageukia watu wake mmoja mmoja. "Nauliza, nani ameigusa?"

"Hakuna aliyeigusa, Mzee." Alikuwa Kimya, fundi wa matairi. Alisema huku anatazama chini. "Ndiyo shida yenyewe. Leo hakuna aliyeigusa."

"Una maana gani?"

"Miezi minane napita nyuma yako. Ukienda kunywa chai, au ukienda kusaini, mimi napita na spana yangu. Tangu ule mkono ulipoanza kufa ganzi. Wote tunajua. Ulikuwa unadhani hatuoni, na sisi tukakuacha udhani." Akamtazama bosi kwa mara ya kwanza. "Jana huyu akakataza kugusa kazi ya mwenzako. Nikasema haya, nimekatazwa."

Binti alitamani sakafu ifunguke. Alitaka kumfokea Kimya: kwa nini hukuniambia? Lakini jibu alikuwa nalo. Mzee hawezi kuambiwa, na bosi mtoto haambiwi kitu. Kwa miezi minane watu wale walikuwa wamebeba siri ile kwa heshima, kimyakimya, na yeye kwa karatasi moja na mihuri miwili alikuwa amewanyang'anya. Aliona aibu, na ndani ya aibu aliona hasira, kwa sababu heshima yao ingeweza kuua watu.

Mzee Nati alikaa juu ya tairi chakavu. Hakuna aliyethubutu kumkaribia. Fundi umeme, yule mwenye methali, alikuwa akitazama viatu vyake.

"Miezi minane," Mzee alisema. Akautazama mkono wake wa kulia, akauliza, "Lile tangazo, umelibandika saa ngapi jana?"

"Saa kumi na moja jioni, Mzee."

Alionekana anahesabu. Kisha akasimama ghafla hata tairi likabingirika. "Basi la alfajiri."

"Lipi?"

"La saa kumi na mbili! Nyuma kulia, nilibadilisha tairi leo alfajiri, nikafunga mwenyewe. Nyinyi mlikuwa mnafika. Kimya, ulipita?"

Kimya alitikisa kichwa. "Sikupita, Mzee."

Basi la saa kumi na mbili lilikuwa njiani kwa karibu saa nne sasa, limejaa.

Binti alikuwa ameshatoa simu. Ya dereva ilikuwa imezimwa, kwa kuwa sheria ya kampuni ilikataza dereva kuwa na simu inayowaka akiwa kwenye usukani. Akapiga ya kondakta. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mama Stoo alikuwa ameshika kamba ya miwani kwa mikono miwili, anasali bila sauti. Mara ya tatu ikapokelewa, na muziki ukatoka kwanza.

"Bosi, mtandao huku si mzu—"

"Mwambie dereva asimame! Apunguze polepole, asikanyage breki kwa nguvu, aweke gari pembeni. Sasa hivi! Usiniulize kitu!"

Aliweka simu juu ya meza ya vyuma, sauti imefunguliwa, na watu wote wakaizunguka. Walisikia kondakta akipiga kelele. Walisikia muziki ukizimwa, abiria mmoja akilalamika, injini ikishuka gia baada ya gia. Ilichukua muda mrefu kuliko basi lolote linavyopaswa kuchukua. Kisha upepo, na kokoto chini ya viatu.

"Gurudumu la nyuma, kulia," binti alisema. "Angalia nati."

Hatua za kondakta zikasikika, halafu: "Mama yangu."

"Nini? Sema!"

"Bosi, mbili hazipo kabisa. Ya tatu naizungusha kwa mkono."

Mtu mmoja nyuma yake alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia. Binti hakugeuka. Aliagiza abiria wote washuke wakae mbali na barabara, gari lisisogezwe hata hatua moja, fundi anakuja na nati mpya. Alipoinua macho, Kimya alikuwa ameshabeba sanduku lake anakimbilia pikapu. Wala hakuambiwa.

Dereva alichukua simu kwa kondakta. "Bosi, nilikuwa nasikia mtikisiko muda sasa, nikasema barabara mbovu. Hapa mbele pana mteremko wa daraja. Dakika tano nyingine..." Hakumaliza. "Nani amegundua?"

Watu walimtazama binti. Mzee Nati naye alimtazama, na katika uso ule uliotisha karakana kwa miaka thelathini na minne palikuwa na hofu tupu.

"Mzee mwenyewe," binti alisema. "Asingesema yeye, tusingejua."

"Basi mwambie Mungu amzidishie umri."

"Anakusikia."

Simu ilipokatwa, hakuna aliyerudi kazini. Binti alijua kilichobaki, na alitamani kukifanyia ofisini, mlango umefungwa, kwa maneno laini. Alisema, "Mzee, tukae kidogo pale juu, mimi na wewe."

"Hapana." Mzee Nati alikuwa ameiokota spana yake ndefu. "Juu hapana. Umenipima mbele yao, na maneno niambie mbele yao. Wakiyasikia kwa pembeni watanionea huruma, na huruma yao nimeshaila miezi minane bila kujua. Sema."

Binti alimgeukia. Sauti ilimtetemeka, lakini aliifikisha mwisho. "Mzee, kuanzia leo hutafunga nati tena. Hutashika gurudumu. Utakaa, utafundisha, na utakwenda hospitali kuangaliwa huo mkono, kesho, si keshokutwa. Na mimi ndiye niliyekosea kuandika bila kuwauliza. Hilo nalo nalisema mbele yao."

Mzee aliinamisha kichwa mara moja, kama anayekubali kipimo. Kisha akamnyooshea ile spana.

Binti alinyoosha mikono yote miwili, kama mtu apokeavyo kitu kwa mkubwa wake, akaipokea.

"Limebaki basi la saa nne," Mzee alisema. "Funga mwenyewe. Nitasimama hapa nikuangalie."